Nilivyofikisha mbuzi wa ntheo Makindu kabla ya saa nne kwa hesabu yangu ya shule

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Nimesoma uzi wa wale wanaochelewa kila mahali, nikacheka mpaka chai ikamwagika. Nikaona na mimi nitoe yangu. Ni kisa changu mwenyewe na sijatia chumvi. Mke wangu ananisomea begani hapa, kwa hivyo hata nikitaka kudanganya sitaweza.

Ilikuwa miaka ya themanini.

Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi kule Nunguni. Kijana, nywele nyingi, saa mpya ya mkononi, na confidence ya kutosha watu watatu.

Nyumbani kwetu ni upande wa Makindu, kijiji kilicho kama kilomita kumi na nne kutoka mjini. Baba alikuwa amefariki, kwa hivyo mambo yangu yote yalikuwa mikononi mwa mama. Sisi tulimwita mwaitu, ndivyo Wakamba tunavyomwita mama.

Sasa nikampata Mwende. Kwao ni hapo nje kidogo ya Makindu, na baba yake alikuwa mtu wa reli.

Kwa wasiojua, sisi hatuoi bila ntheo. Ni mbuzi watatu, wanapelekwa kwao msichana. Wakiingia boma na baba mtu akawapokea, basi, huyo ameshikwa, hakuna mwingine wa kubisha hodi. Kabla ya hapo bado uko sokoni na wenzako.

Na mimi nilikuwa na mwenzangu. Karani mmoja wa Kitui mjini, ana suti.

Mwende akaniandikia barua. Mzee amesema hivi: watu wangu wafike Jumamosi saa nne asubuhi. Saa saba yeye anaenda kazini, na mazungumzo ya ntheo hayafanywi mbio mbio. Tukichelewa tusijisumbue kuingia, Jumamosi inayofuata ni ya watu wa Kitui.

Wakuu, mtu aliyezoea treni hana mchezo na saa.

Nikaja nyumbani wikendi iliyotangulia tupange. Nikachukua chaki, nikaandika kwenye mlango wa ghala. Kufika, saa nne. Rudi nyuma nusu saa, mbuzi wapumzike na wanywe maji. Rudi nyuma tena, kilomita kumi na nne kwa mwendo wa mbuzi, masaa matatu na nusu. Tunatoka saa kumi na mbili kamili.

Mwaitu hakujua kusoma, lakini alisimama akaangalia ile chaki kwa heshima kabisa.

Halafu akasema, "Tutoke saa tisa."

"Saa tisa usiku?"

"Kuna nyumba tisa njiani."

Nikamwambia nyumba haziko kwenye formula. Yeye akaanza kuhesabu na vidole, akitoka kwa akina Mwende akirudi kwetu. Kwa Syombua, uji. Kwa Mzee Musau, atauliza habari ya kila ng'ombe. Kwa mama Kavata, huyo hata ukikimbia atakufuata na kikombe. Ukipita na mbuzi wa ntheo bila kusimama umetukana watu, na hao ndio watakaoulizwa na wakwe kama sisi ni watu wazuri.

Hapo alikuwa anasema ukweli mtupu. Lakini mimi si nilikuwa mwalimu?

"Mwaitu, nikitoa mbuzi zizini saa tisa watu watapiga nduru ya wizi. Saa kumi na mbili. Tutawapungia mkono tukipita."

Akaniangalia. Akasema, "Haya, mwalimu." Jumapili nikarudi Nunguni.

Ijumaa jioni nilipofika nyumbani nikamkuta amekaa nje, mguu wa kulia umefura na umeinuliwa juu ya kinu. Akasema kesho hataweza kwenda, mguu umekataa, mjomba Kimeu ataongea kwa niaba yake.

Nitasema ukweli kama nilivyoahidi. Nilifikiri amenuna kwa sababu nilimshinda kwa hesabu. Hata sikumuuliza mguu umefanya nini, na hiyo inaniuma mpaka leo.

Asubuhi tukatoka saa kumi na mbili kamili, mimi, mjomba Kimeu na mbuzi watatu.

Nyumba ya kwanza ni ya mama Kavata. Nikajikaza. Nikamwona amesimama kwenye ua, bila kikombe, anapunga mkono. "Pitieni, pitieni! Mtakunywa mkirudi!"

Kwa Mzee Musau, vivyo hivyo. Alikuwa barabarani kabisa, akatusaidia kuvusha mbuzi kwenye mchanga wa mto, akasema twende, jua linapanda.

Nyumba zote tisa, hakuna aliyetushika hata dakika mbili.

Mnajua nilifanya nini? Nilimfundisha mjomba njia nzima. Nikamweleza kwamba watu huogopa tu bure, kila kitu ni kupanga kutoka mwisho kurudi mwanzo. Mjomba, ambaye kwa kawaida hanyamazi, alikuwa anasema tu "Ehe."

Tuliingia kwao Mwende saa nne kasoro dakika kumi.

Mzee alitoa saa yake mfukoni, akaiangalia, akaangalia mbuzi, akaniangalia mimi. "Kijana ameshika time," akasema. Akaniuliza nimewezaje na njia ile ilivyo na watu. Nikamweleza formula yangu mbele ya wazee wote, na Mwende nyuma ya mlango wa jikoni akijizuia kucheka. (Ananiambia hapa alicheka, hakujizuia.)

Ilipofika saa sita na nusu mbuzi walikuwa wamepokelewa. Mwende alikuwa wangu na karani abaki na suti yake. Nilitaka kuruka ukuta.

Saa saba tukaanza kurudi, na sasa tulikuwa na deni la uji.

Nyumba ya kwanza kurudi ni kwa Syombua, ile ya mbali kabisa na kwetu. Mama wa makamo, mcheshi. Akanionyesha kigoda.

"Kaa hapo. Mama yako alikaa hapo Jumatano."

Nikadhani amekosea siku. "Mama yangu? Hapa?"

"Alikuja na fimbo, mguu ukiwa hivi," akaonyesha kwa mikono. "Nikamwambia alale, akakataa, ati bado ana nyumba za kumalizia akirudi. Akasema, kijana yangu ako na hesabu yake ya shule, tafadhali Jumamosi msimharibie."

Nikamwangalia mjomba. Mjomba akaangalia uji wake.

Nyumba ya pili, hadithi ni hiyo hiyo. Kwa Mzee Musau alikuwa Jumatatu, akajibu habari ya kila ng'ombe wetu mpaka ndama. Kwa mama Kavata alikunywa vikombe viwili. Wiki nzima nikifundisha Nunguni, mama yangu alikuwa njiani anasalimia watu kwa niaba yangu, ili mimi nipite.

Wakuu, nilikunywa uji wa nyumba tisa siku hiyo na kila nyumba walinitajia siku aliyopita mwaitu.

Tulifika nyumbani giza likiingia. Mwaitu alikuwa ametia mguu kwenye karai la maji moto.

"Mlifika saa ngapi?"

"Saa nne kasoro kumi."

Akafurahi, akapiga makofi kama mtoto. "Si basi hesabu yako ilikuwa sawa!"

"Mwaitu, Syombua ameniambia."

Akasogeza mguu ndani ya karai. Halafu akauliza, "Na uji wake, aliwawekea sukari? Mimi alininyima."

Nilicheka nikilia. Nikapiga magoti nikamkanda mguu mpaka maji yakapoa, nikamwambia asante.

Funzo nililopata: panga kutoka mwisho kurudi mwanzo, ni njia nzuri na bado naifundisha. Lakini ukiwa unarudi nyuma hivyo, angalia ni akina nani wanaishi hapo katikati.

Wiki moja kabla ya harusi, nilivua ile saa nikaiacha mezani, nikazunguka nyumba zote tisa mimi mwenyewe. Ilinichukua siku tatu. Mwaitu alibaki nyumbani, mguu juu, akinipangia nani wa kuanza naye.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Wewe ulipofika kwa wakati ukajisifu, ni nani alikuwa amekutangulia njiani bila kukwambia?