Fundi Balagizi na Mashine Iliyoganda

Balagizi alikuwa fundi wa majokofu mjini Bukavu kwa miaka kumi na tisa. Alitunza majokofu ya chanjo za watoto, na anasema hakuna hata sanduku moja lililoharibika mikononi mwake, vita au si vita. Hapa Sydney anapanga maboksi ghalani karibu na Blacktown, kwa sababu sheria hairuhusu mtu kugusa gesi ya mashine hizo bila leseni, na mtihani wa leseni una Kiingereza kigumu. Marehemu mume wangu, Muriuki, ndiye aliyemleta nyumbani kwetu Rooty Hill mara ya kwanza. Nilimpa chai, nikamwona mtu mkimya mwenye kofia ya sufu, basi.

Julai 2021 jiji lilikuwa limefungwa na kutembeleana kumepigwa marufuku. Mama mkwe wangu, mwenye miaka themanini na mitatu, alikuwa kwangu tangu mapema mwaka uliotangulia. Alikuja kutoka Meru kumzika mwanawe, mipaka ikafungwa kabla hajarudi. Kifua chake ni kibovu kwa miaka mingi ya moshi wa kuni. Asubuhi moja mashine ya kupasha joto nyumba ikaanza kutoa hewa baridi. Nilipotoka nyuma, nikakuta sehemu yake ya nje, ile yenye feni, imevikwa barafu nene kama tofali.

Kampuni ya mafundi iliniambia nisubiri wiki tatu. Kihita kidogo cha umeme nilichokuwa nacho kilipasha vidole vya miguu tu. Muuguzi niliyempigia simu akasema mgonjwa apate joto, la sivyo apelekwe hospitali. Wakati ule hakuna aliyeruhusiwa kuingia na mgonjwa, na mama huyu hajui lugha nyingine ila Kimeru. Nilimwona akilini akifia kati ya watu waliofunika nyuso, asiweze hata kuomba maji. Na huko Meru watu wangesema kwamba yule mkaza mwana msomi alimwacha mama wa mumewe afe kwa baridi.

Sikutaka mtu wa chama chetu cha Wakenya wa hapa ajue. Nikampigia Balagizi, kwa sababu yeye si mtu wa maneno. Alinipokea kwa video wakati wa mapumziko yake ghalani.

Lakini hata yeye nilimficha jambo. Muriuki alikuwa mtunza viti vya chama, viti sitini vya plastiki vya kukalia matangani. Baada ya matanga yake mwenyewe mikusanyiko ikakatazwa, na viti vikabaki kwangu. Nilivibana kwenye ujia wa nyuma, kuizunguka ile mashine, kisha nikafunika vyote kwa turubai ili majirani wasione uwanja wangu kama bohari. Kwa hiyo niliinua pindo la turubai tu, nikaisogeza simu hadi karibu igusane na barafu.

"Mama Gitonga, rudi nyuma kidogo," alisema. "Unanionesha uso ya mashine tu. Miye nataka kuona mahali inapumulia."

"Hapo panatosha. Niambie niguse wapi."

"Usiguse kitu. Mgonjwa hapimwi kwa tundu ya mlango."

Alinifundisha kwamba mashine hii huvuta joto la hewa ya nje na kutema baridi, kwa hiyo utando mwembamba wa barafu ni wa kawaida asubuhi za baridi, na mashine huuyeyusha yenyewe. Barafu nene ina sababu. Nilimwambia nimeanza kuichokoa kwa kisu, naye akaniamuru nikiweke chini mara moja, maana nikitoboa bomba gesi itatoka yote. Niizime, niimwagie maji ya uvuguvugu, kamwe si ya kuchemka. Nikafanya hivyo. Ikayeyuka, ikafanya kazi hadi usiku, na kulipokucha ilikuwa imeganda tena. Siku ya pili ikawa vilevile. Kila mara aliniomba nirudi nyuma na simu, na kila mara nikakataa.

Asubuhi ya tatu midomo ya mama ilikuwa imeingia weusi, na kikohozi kilimwinua kitandani. Nikaenda nyuma, nikalivuta turubai lote, nikarudi hatua sita na simu mkononi.

Balagizi alisogeza uso karibu na simu yake. Kisha akauliza viti vile ni vya nini, nikamweleza.

"Umeivalisha blanketi," akasema. "Inatema baridi, viti vinairudishia, inaimeza tena. Toa yote."

Nikamwambia hakuna pa kuviweka ila mbele ya nyumba, na mtaa mzima utaviona.

"Acha vionekane, mama. Ama unataka watu wavikalie kwenye matanga?"

Nilivibeba vinne vinne, nikiwa na miaka yangu sitini na miwili, nikavitandaza kwenye nyasi za mbele. Simu niliiegemeza dirishani, naye hakuikata hata alipoitwa kazini. Nikaizima mashine, nikamwaga maji ya uvuguvugu hadi barafu yote ikaanguka na mapezi ya chuma, vile vibati vyembamba vya kupitishia hewa, yakaonekana. Nilipoiwasha, feni ikazunguka, hewa ikapita.

"Inapumua," alisema Balagizi. "Lakini usinishukuru leo. Kesho asubuhi ndiyo itasema ukweli. Ikiganda tena, basi ni kitu cha ndani, na hicho siruhusiwi kugusa."

Nilikuwa nimekaa kando ya mama, hewa ya moto ikianza kushuka kutoka ukutani, Wangari, katibu wa chama, aliponipigia. Mtu aliyekuwa akienda dukani ameona viti, ameandika kwenye kundi la chama la simu. Wangari alikuwa analia. Aliuliza mama ametuacha saa ngapi.

Mama akakisikia kilio kile, maana hicho hakihitaji mkalimani. Akageuza kichwa.

"Nani amekufa?" aliniuliza.

"Wewe, mama."

Akakohoa kwa muda mrefu, nami nikamshika mgongo. Alipopata pumzi akasema, "Waambie waliokufa hawasikii baridi miguuni. Mimi bado naisikia."

Ningeweza kumwambia Wangari kwamba nilikuwa naviosha viti. Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Nikamwambia maneno ya mama kama yalivyo, kisha nikamsimulia na zile siku tatu za baridi nilizowaficha.