Kufuli la Mlango wa Mbele

Paroko ameniomba Jumapili ijayo niseme maneno machache kwa vijana wa parokia yetu waliomaliza chuo mwaka huu. Amenichagua kwa sababu mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina sauti kubwa, na hapa Igoma, Mwanza, kila mtu anajua sioni haya kumkemea mtu mzima mbele za watu. Asichokijua ni kwamba tangu aniombe, naogopa. Nimesimama mbele ya watoto themanini wanaopiga kelele na sikutetemeka. Wahitimu kumi na wawili waliovaa vizuri wananitisha, maana nikiwatazama nitaona uso wa binti yangu jinsi ulivyokuwa mwaka ule niliomfungia ndani.

Baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo. Nilimsomesha peke yangu, au ndivyo nilivyopenda kusema. Ukweli ni kwamba jumuiya yetu ndogo ndogo, zile nyumba kumi na tano zinazokutana kusali kila Jumamosi asubuhi, ilimlea pamoja nami. Alipohitimu walileta viti, masufuria na mchele, na mwenyekiti wetu, mama mmoja fundi cherehani, alimshonea gauni la bluu bila kutaka hata asante. Wakacheza mpaka vumbi likafunika keki. Mimi nilivimba kichwa.

Kisha miezi ikapita. Binti yangu alituma barua za maombi kila mahali, akafanya usaili mara tatu, akarudi kimya mara tatu. Kila Jumamosi kulikuwa na mtu wa kuniuliza, "Mwalimu, mtoto ameshapata?" Waliuliza kwa upendo. Najua hivyo sasa. Wakati ule kila swali lilinichoma, nikaona wananicheka kimoyomoyo, mwalimu aliyejidai kusomesha. Jumamosi moja, kabla sijawaza, ulimi wangu ukasema: "Ameitwa Dodoma. Anaondoka kesho."

Wakapiga vigelegele.

Nilipofika nyumbani binti yangu alikuwa anachambua mchele. Nilimweleza huku nikijifanya natafuta kitu kabatini. Hakuinua uso.

"Sasa mimi nitakaa wapi, Mama?"

"Hapa hapa. Kwa muda tu, mpaka Mungu afungue njia."

Ndivyo nilivyomtaja Mungu katika jambo lile. Nikamficha mwanangu. Nguo zake zikaanikwa chumbani, redio ikazimwa, akajifunza kukohoa ndani ya mto. Kila asubuhi nikienda shule nilipiga kufuli mlango wa mbele kwa nje, ili apitaye aone nyumba haina mtu, na ufunguo nikaondoka nao. Ana digrii, nami namfungia kama kuku wa sikukuu.

Hofu ilihamia kwetu kama mgeni asiyeaga. Hodi ikipigwa, nilikuwa namsukuma chumbani kabla ya kuitikia. Siku moja mtoto wa jirani aliniuliza, "Mwalimu, nani anakohoa kwenu?" Nikamwambia ni paka. Akanitazama kwa huruma ambayo mtoto wa darasa la pili hapaswi kuwa nayo. Binti yangu naye alikuwa anapungua. Hakulalamika, na kutolalamika kwake ndiko kulikoniogopesha kuliko vyote, kwa sababu mwanangu amerithi mdomo wangu.

Wiki ya nne zamu ya sala ikafika nyumbani kwangu. Wakasema iwe sala ya shukrani kwa ajili ya kazi ya binti yetu. Ningekataaje? Basi watu ishirini wakajaa sebuleni, na yeye nyuma ya mlango wa chumba, hatua tatu kutoka nilipokaa, akisikiliza Mungu anavyoshukuriwa kwa kazi asiyo nayo. Waliimba. Mwenyekiti akafumba macho akasali: "Ee Bwana, popote alipo binti yetu saa hii, mfikie." Nikasema amina. Walipokunywa chai na kuondoka, nilifungua chumba. Alikuwa ameketi kitandani, viatu miguuni. Aliniambia chai yangu ilinukia vizuri.

Jumatatu nilirudi kutoka shuleni saa tisa alasiri. Kufuli lilikuwa mahali pake. Ndani, dirisha la nyuma lilikuwa wazi, simu yake imelazwa juu ya mto, na kitanda kimetandikwa. Hicho kitanda ndicho kilichonitisha. Maisha yake yote nimegombana naye kwa sababu hatandiki.

Nikaliwaza ziwa. Mzazi wa Mwanza mtoto akipotea huwaza ziwa kwanza, hata asipotaka. Nilitoka mbio, kisha nikakumbuka kwamba mwalimu haonekani akikimbia ovyo, nikatembea. Hebu fikiria upumbavu huo. Niliuliza waendesha bodaboda kama wamemwona msichana fulani, nikijifanya ni mtu baki aliyesahau kitu kwangu. Kumwita kwa jina sikuweza. Ningemwitaje mtu aliye Dodoma? Nilizunguka hivyo karibu saa nzima, na jua linashuka.

Mwishowe nikaenda kwa fundi cherehani. Sikupiga hata hodi.

"Binti yangu amepotea," nikasema, nikaanguka juu ya vitambaa vyake.

Hakuniuliza habari za Dodoma. Alishaanza kuvaa kandambili. "Atakuwa na lile gauni la bluu," akasema. "Asubuhi saa mbili nilimwona anatokea uchochoroni, nyuma kwenu. Akaniamkia, nikamwitikia, akashika njia ya mjini."

"Saa mbili! Kwa nini hukunipigia simu?"

"Ningekwambia nini, mwalimu? Kwamba nimemwona mtu aliye Dodoma?"

Hakusema kwa kejeli. Laiti angesema kwa kejeli.

"Mlijua?"

"Mtu mmoja hachoti ndoo sita za maji kwa siku. Tulijua tangu mwanzo. Tulikuwa tunangoja ututume."

Katika dakika chache nyumba zote kumi na tano zilikuwa barabarani. Huyu alikwenda stendi, yule hospitali, vijana wa kwaya wakashuka ufukweni, na hilo neno ufukweni hakuna aliyelitamka kwa sauti. Mimi walinikalisha kwenye benchi la fundi, akina mama wawili wamenishika mikono, wanasali rozari. Sikuweza kusali. Nilikuwa naliangalia lile kufuli, nililokuwa nimelishika tangu nyumbani bila kujua.

Saa kumi na moja simu ya mama mmoja ikaita. Dada yake huanika dagaa kule Kamanga, ng'ambo ya ziwa, na alikuwa ameulizwa kwa simu. Ndiyo, yupo msichana wa gauni la bluu. Alishuka kwenye kivuko asubuhi, akakaa kwenye jiwe karibu na maji, akakaa, akakaa. Mchana wingu likatanda, na dagaa walikuwa wametandazwa ufuko mzima. Yule dada akampigia kelele kama angempigia yeyote: "Wewe binti, umekaa hapo kama nani? Njoo ushike hapa, mvua inakuja!" Akaenda, akashika. Waliwaanua wote kabla ya mvua, na tangu hapo hajakaa tena.

Tulivuka kumfuata na kivuko kilichofuata. Alikuwa ananuka dagaa kutoka nywele mpaka nyayo. Nilipiga magoti kwenye mchanga mbele ya watu, mimi nisiyepiga magoti mbele ya mtu. Akaniambia, "Mama, hakuna aliyeniuliza nina kazi gani. Aliniambia tu nishike hapa."

Alichofuata kwenye lile jiwe sijamuuliza mpaka leo. Naogopa jibu.

Kazi ya shahada yake bado hajapata. Asubuhi humchotea maji bibi mmoja wa jumuiya mwenye miguu mibovu, humwogesha na kumsomea Injili. Jioni huwafundisha hesabu watoto wa nyumba zote kumi na tano, bora kuliko ninavyofundisha mimi. Bado anatuma maombi. Kuna siku anakaa kimya, na siku hizo moyo wangu hurudi pale dirishani.

Jumapili nitawaambia wale vijana wasingoje kazi ndipo watokee kwa watu. Waende jumuiya mikono mitupu, kuna mgonjwa wa kugeuzwa kitandani, kuna dagaa wa kuanua. Na wazazi wao watakaa nyuma, wamevimba vichwa, nao nitawaonyesha kufuli. Sijui kama sauti itatoka. Nimemwomba ruhusa binti yangu, amesema niseme yote.

Jana jioni alichelewa kurudi kutoka kufundisha. Nilisimama mlangoni, giza halijaingia, nikamwita kwa jina, kwa sauti yangu yote ya darasani. "Jamani, mmemwona binti yangu?"

"Yuko huku, mwalimu!" wakajibu kutoka nyumba tatu.