Andika Mwalimu

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye foleni katika ofisi moja hapa Chake Chake. Mbele yangu walisimama mume na mke waliohamia kutoka Tanga, mume akiwa amepata kazi ya ukarani. Mtu wa dirishani alikuwa akiwajazia fomu.

"Kazi ya mke?"

"Hana kazi," mume akajibu.

Mke akaweka kidole juu ya karatasi. "Samahani. Andika mwalimu."

"Unasomesha wapi, Bibi?"

"Hapa bado. Lakini Tanga nimesomesha miaka sita, na ualimu sikuuacha bandarini."

Mume akainamisha macho. Nyuma yangu bibi mmoja wa kijiji cha Vitongoji akasema, "Mwanangu, mie n'na wajukuu wanne wa kike, hata majina yao hawajui kuyaandika. Baraza ninayo. Utakuja lini?"

"Jumatatu alasiri, Inshallah," akajibu mwalimu.

Jumatatu nilipita Vitongoji makusudi. Wasichana kumi na mmoja, wajukuu wa yule bibi na wenzao wa jirani, walijaa barazani wakimcheka mwalimu kwa lafudhi yake, naye akicheka nao. Mume alikuwa akipigilia ubao ukutani.

Sisi wanaume tukihama huhesabu kila mzigo. Tuwaulize na wake zetu wamebeba nini vichwani mwao.