Santuri Yenye Namba Tisa

Pavla Ocepek alifanya kazi katika chumba cha taa cha mgodi kwa miaka ishirini na minne. Kila alfajiri saa kumi na moja na nusu alifungua dirisha lake dogo, na wachimbaji wakapita mmoja mmoja. Mtu alitoa kibati chake cha shaba chenye namba, Pavla akakitundika ukutani, akampa taa. Mwisho wa zamu mtu akirudisha taa, alirudishiwa kibati. Vibati vilivyobaki ukutani vilikuwa watu walio chini. Majina aliyajua, lakini kichwani mwake watu wale walikuwa namba. Hata dukani, kwenye foleni ya sabuni, alijikuta akisema kimoyomoyo, huyu mia na nne, yule mia tatu na tisa.

Mwaka wa sitini na moja gesi ililipuka katika handaki la tatu. Pavla alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano, ameolewa na Lojze miezi kumi na minne. Mkurugenzi wa wakati ule hakujua ni nani aliye hai, akaamuru msichana wa chumba cha taa asimame langoni asome namba za vibati ambavyo havijachukuliwa. Zilikuwa tisa. Ya saba ilikuwa mia mbili kumi na mbili, ya Lojze. Pavla aliisoma, akaendelea na mbili zilizobaki. Waliokuwepo walisema sauti haikumtetemeka hata kidogo, na wengine hawakumsamehe kwa hilo. Hakuolewa tena.

Sasa ulikuwa mwaka wa themanini na tatu. Kahawa ilikuwa imeadimika, petroli ilitolewa kwa zamu, na moshi wa kiwanda cha saruji ulilala bondeni kama kawaida. Mtoto wa kaka yake, Bogdan, mwanamume wa miaka ishirini na sita aliyekwisha kumaliza jeshi, alikuwa na kundi la muziki na wenzake watatu. Waliliita Rov, yaani handaki kwa lugha yao. Walivaa sare za kijivu zisizo na alama yoyote, walinyoa nywele, hawakucheka jukwaani. Gitaa walikuwa nalo moja, na mara nyingi walilipiga kwa nyundo. Walizunguka na kinasa sauti wakirekodi feni kubwa ya mgodi, mikanda ya makaa, mageti ya chuma.

"Huo ni muziki?" Pavla aliwahi kumuuliza.

"Shangazi, wewe umeusikiliza maisha yako yote. Sisi tunauweka kwenye santuri tu."

Jumapili moja Bogdan alikuja na kinasa sauti, akakiweka mezani karibu na bakuli la supu. Akamwomba asome zile namba tisa.

"Umerukwa na akili," alisema Pavla. "Kula, halafu uondoke."

"Dakika moja tu."

"Hata nusu."

Bogdan aliweka kijiko chini. "Pale langoni wameandika nini ukutani? 'Kwa wahanga wa kazi.' Wahanga gani? Wangapi? Hakuna jina, hakuna namba. Wakifa watu wa rika lako, Shangazi, wale wa mgodini watakuwa hawajawahi kufa."

Pavla aliacha supu ipoe. Kisha akavua aproni, akanyoosha mgongo, akazisoma zote tisa bila kuangalia popote. Alipomaliza alikwenda jikoni akamkaangia Bogdan ile chapati nene ya mayai waliyokula wachimbaji, na hawakuzungumza tena habari hiyo.

Mwezi wa kumi Bogdan alimletea santuri. Jalada lake lilikuwa jeusi tupu. Pavla hakuwa na gramafoni, akaiweka kabatini chini ya mashuka. Hakuuliza ndani yake kuna nini, na Bogdan hakumwambia.

Jumanne moja ya mwezi wa kumi na moja, saa tisa alasiri, Pavla alikuwa amerudi kutoka zamu ya asubuhi, anamenya viazi. Nje kulikuwa na ukungu mzito, nyumba za wachimbaji ng'ambo ya yadi hazikuonekana. Mara king'ora kikalia. Mlio mmoja mrefu ulikuwa wa majaribio, kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, na watu hawakuinua hata vichwa. Lakini kililia mara ya pili. Kisha mara ya tatu, na milio mitatu ilikuwa ya ajali.

Kisu kilimponyoka. Alikuwa barabarani kabla hajajua kama amefunga mlango. Wanawake walitoka kwenye ukungu kutoka kila upande: mmoja mikono imejaa unga, mwingine kapoteza ndara moja, mwingine kambeba mtoto asiye na kofia. Hakuna aliyelia. Nyuma yao vishindo vya chuma vilianza, vizito, kwa mpangilio, kama kitu kilichokuwa kikigonga kutoka chini ya ardhi ili kitolewe. Kwenye ngazi za mawe zinazoshuka langoni Jelka, mke wa mchimbaji kijana, mwenye mimba ya miezi minane, aliteleza akaporomoka ngazi sita. Wawili walibaki naye. Wengine walipita.

Langoni mlinzi Tone alitoka kibandani na tufaha mkononi.

"Kuna nini, kina mama? Nani amekufa?"

"Wewe ndiye utuambie!" alipiga kelele Hermina Laznik, mjane wa ule mwaka wa sitini na moja, ambaye sasa mwanawe alikuwa chini katika zamu ya mchana. "King'ora cha nini?"

"King'ora gani? Chetu hakijalia. Waya nauona hapa, haujaguswa."

Vishindo vikakoma. Katika ukimya ule, kutoka ng'ambo kwenye nyumba za wachimbaji, sauti ya mwanamke ilianza kusoma, kubwa, tulivu, kavu: "Sitini na moja. Themanini na nane. Mia moja sabini na nane..."

Wote waligeuka wakamtazama Pavla. Mdomo wake ulikuwa umefungwa, na sauti yake ilikuwa ikiendelea kusoma ndani ya ukungu. Mia moja sabini na nane ilikuwa namba ya mume wa Hermina. Hermina alimwendea taratibu, akamzaba kofi, akaondoka.

Baadaye ilijulikana. Dušan, fundi wa mashine za kutobolea, alikuwa nyumbani na mguu uliofungwa plasta. Alinunua santuri ile, akaweka spika mbili dirishani ili jirani zake wasikie muziki wa vijana wao. Bogdan alikuwa amerekodi ule mlio mmoja wa majaribio, akakata utepe na kuuunga mara tatu. Jelka alijifungua jioni ile ile, mwezi mmoja kabla ya wakati. Mtoto aliishi. Lakini tangu siku hiyo Jelka akimwona Pavla njiani alivuka upande wa pili.

Wiki ile Pavla aliitwa ofisini kwa mkurugenzi. Walikuwepo wanaume wawili wenye makoti ya ngozi ambao hawakujitaja.

"Ndugu Ocepek, nani alikupa ruhusa ya kusoma namba zile?" aliuliza mmoja wao.

"Mara ya kwanza au ya pili?"

Walitazamana. "Usijifanye mjanja, mama."

"Sijifanyi. Mara ya kwanza nilipewa ruhusa na mkurugenzi. Mara ya pili sikumwomba mtu, kwa sababu zilikuwa zimeshasomwa."

Mmoja aliandika kwa muda mrefu kuliko maneno yaliyosemwa. Mwezi uliofuata Pavla alihamishiwa kwenye chumba cha kufulia nguo za kazi. Santuri zikatoweka madukani bila tangazo lolote. Bogdan naye aliitwa, akashikiliwa siku mbili, akatoka na uamuzi wa kuhamia Ljubljana, mji mkuu. Alipita kuaga.

"Shangazi, haikuwa nia yetu."

"Hukuniambia habari ya king'ora."

"Ningekuambia, ungekataa."

"Basi ulijua," alisema Pavla, akafunga mlango. Alisimama nyuma ya mlango ule mpaka aliposikia viatu vyake vinashuka ngazi zote.

Mwezi wa pili, alasiri moja yenye theluji chafu, mlango uligongwa. Alikuwa Hermina, amekumbatia gramafoni ya bintiye, na juu yake robo kilo ya kahawa iliyovushwa kutoka Italia.

"Sikuja kuomba msamaha," alisema.

"Sijakuuliza. Pita, unaniingizia baridi."

Walikunywa kahawa kwanza. Hermina aligeuza kikombe chake mara nyingi kabla ya kusema. "Tangu siku ile langoni, mwaka wa sitini na moja, hakuna mtu aliyemtaja mume wangu kwa sauti. Hata padri alisema 'marehemu wetu'. Nataka kumsikia. Lakini king'ora sikitaki."

"Mimi mwenyewe sijaisikiliza yote," alisema Pavla. "Nilisikia kipande, siku ulipokuwa unanipiga."

Alifunga madirisha yote, akavuta pazia, akatoa santuri chini ya mashuka. Aliiinamisha kwenye mwanga wa taa kutafuta mahali mistari ilipokuwa laini, pasipo vishindo. Alikosea kidogo. Sindano iliangukia mkia wa mlio wa tatu, na wanawake wote wawili wakawa wamesimama kabla hajaiinua. Hermina alishika meza. "Tena," alisema. "Mbele kidogo."

Sauti ikaja. Pavla alikuwa ametegemea kumsikia yule msichana wa miaka ishirini na mitano. Alisikia mwanamke mzee.

"Mia moja sabini na nane."

"Huyo," alisema Hermina polepole. "Huyo ni Jakob."

Wakaendelea kusikiliza. Ilipofika mia mbili kumi na mbili, Hermina alisema, "Na huyo ni Lojze wako," na Pavla akaitikia kwa kichwa. Ya nane ikasomwa, ya tisa ikasomwa. Kisha, kabla vishindo havijarudi, ilisikika pumzi ikivutwa ndani, kama ya mtu anayejiandaa kusema tena. Hapo utepe ulikuwa umekatwa.

Pavla aliinua sindano haraka.

"Ulikuwa unataka kusoma nani?" aliuliza Hermina.

"Zilikuwa tisa. Nilikuwa nainuka tu kwenye kiti."

"Nimesikia umevuta pumzi."

"Nilikuwa nainuka, Hermina."

 Hermina alitazama saa ukutani. Zamu ya mchana, ambamo mwanawe alikuwa chini, ilikuwa imebakiza muda wa saa nne kabla ya kupanda. Alivaa skafu yake, akaiacha gramafoni mezani, akatoka kwenda kusimama langoni. Baada ya muda kidogo Pavla naye alichukua koti lake akamfuata.