Tulipohamia Mganda wa Ngano

Nyinyi mliokua Birmingham enzi zile za suruali pana chini, na redio iliyopaswa kupata moto kwanza ndipo iseme, mnaijua baridi ya nyumba za Sparkbrook. Sisi tulikuwa watatu, baba, mama na mimi, katika vyumba viwili karibu na Ladypool Road. Choo kilikuwa uani, na asubuhi za Januari maji ya ndoo yalikuwa yameganda juu kama ukoko wa uji. Magari yalikuwa ya kuhesabu, basi barabara ilikuwa yetu. Tuliruka kamba, tukachora miraba kwa chaki na kurukia mguu mmoja mpaka magoti yakachubuka. Tuliitwa ndani mara tatu, na mara ya tatu mama alikuja na kandambili mkononi. Watoto wa siku hizi ukiwaambia watoke nje wanakuuliza nje kuna nini.

Baba yangu, Mwadime, alikuwa fundi wa kung'arisha vyuma katika karakana moja ya Hockley. Alirudi jioni na vumbi la chuma mpaka kwenye kope, na kikohozi chake tulikisikia kabla hatujasikia ufunguo mlangoni. Lakini hiyo haikuwa kazi aliyoipenda. Kabla ya kuja Uingereza alikuwa mhudumu wa baa katika klabu ya masetla kule milimani Kenya, miaka mingi, kanzu nyeupe na mshipi mwekundu kiunoni. Bia aliijua kwa harufu tu. Ila kazi ikiisha alitokea mlango wa nyuma. Kuketi kwenye viti vya klabu ile hakuruhusiwa hata siku moja. Hilo hakulisimulia. Nililijua kwa sababu mama alilitamka siku waliyogombana juu ya Mganda wa Ngano.

Mganda wa Ngano ilikuwa pabu, yaani baa ya shambani ya Kiingereza, katika kijiji kimoja mwendo wa saa nzima kwa basi kutoka mjini. Baba alikwenda kutembea huko Jumapili moja na mwenzake wa karakanani, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Akaona nyumba ya matofali mekundu yenye paa lililobonyea katikati, ubao wa mganda wa ngano ukining'inia juu ya mlango, na karatasi dirishani ikisema inauzwa. Mwenye nyumba hiyo alikuwa amezeeka na hakuwa na wa kumrithi. Baba alirudi nyumbani akiwa na uso ambao sikuwahi kuuona. Hakula. Alichora vyumba vyake juu ya bahasha, akatuonyesha meko hapa, meza ndefu pale, mapipa huku chini ya ardhi.

Mama alikuwa binti wa mzee wa kanisa kutoka Wundanyi, mwimba kwaya, na alifanya kazi ya uuguzi msaidizi hospitalini. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Baba Wakesho," akasema, akimwita kwa jina langu, "mimi nilivuka bahari nije kuuza pombe?"

Siku nyingi walisemezana kupitia kwangu. Mwambie baba yako chakula tayari. Mwambie mama yako nimeshiba. Hatimaye mama akatoa masharti yake: angempa majira mamoja tu ya baridi. Miti ikianza kuchipua na baa haina watu, tunauza na kurudi mjini, na jambo hilo lisitajwe tena. Kazi yake ya hospitali hangeiacha. Na kwa bibi yangu kule Wundanyi aliandika barua kwamba mumewe amenunua hoteli. Bibi alifurahi mno, akapeleka habari kanisani, na tukaandikiwa kwamba waumini wote wanaiombea ile hoteli ya Mwadime. Mama aliisoma barua ile akiwa amesimama, akaikunja, akaitia ndani ya Biblia.

Tulihama mwezi wa kumi, na lori la makaa ndilo lililotubeba. Sijawahi kupenda nyumba kama nilivyoipenda ile. Meko ya ukutani ilikuwa kubwa kiasi kwamba niliweza kusimama ndani yake. Dari ilikuwa ya magogo meusi, na sakafu ya mawe yaliyochimbika kwa viatu vya watu waliokufa zamani. Palinuka moshi, nta na shayiri. Juu ya kaunta kulikuwa na chupa la mayai ya kuchemsha yaliyolowekwa kwenye siki, nami niliyaogopa kama macho ya samaki. Sheria haikuruhusu mtoto kuingia baa saa za kuuza, kwa hiyo ulimwengu wote niliuona kupitia kidirisha cha jikoni. Baada ya shule tulikusanya mbegu ngumu za mti mmoja mkubwa, tukazitoboa, tukazifunga kamba na kuzigonganisha mpaka ya mmoja ipasuke. Watoto walinishangaa wiki moja tu. Nilipowashinda wote kwa mbegu yangu, wakaacha.

Wakubwa ndio hawakuacha. Wanaume wa kijiji walifika mpaka ng'ambo ya barabara, wakatazama mlango wetu, kisha wakaendelea na safari kwenda pabu nyingine, maili mbili mbele, mvua ikiwanyeshea. Hawakututukana wala kuvunja kioo. Walipita tu. Baba alishuka kila asubuhi chini ya ardhi kwenye mapipa, maana bia ya pipa huwa bado inachacha, na ukiiuza kabla haijatulia inatoka na ukungu na ladha ya uchachu. Alisafisha mifereji ya kupandishia bia, akafuta glasi mpaka zikalia chini ya kitambaa, akawasha moto, akavaa shati jeupe na tai. Kisha akasimama nyuma ya kaunta. Bia iliyopita siku zake aliimwaga uani, kila wiki, na mimi nilijifunza kutomtazama usoni alipokuwa akiimwaga.

Mteja alikuwa mmoja, Bwana Albert, mzee aliyewahi kutunza farasi wa shamba la jirani. Alikuja kila siku adhuhuri na mbwa wake, akanywa nusu glasi, akaondoka. Alimwita baba "Mista Wadi" kwa sababu Mwadime lilimshinda. Baadaye tuligundua kwamba hakuja kwa kutupenda. Mkewe alikuwa mgonjwa kitandani, naye hakuthubutu kumwacha muda wa kutosha kutembea maili mbili.

Mwezi wa pili, theluji ikiwa bado imelala mashambani, Bwana Albert hakuonekana siku tatu. Ya nne, mpeleka maziwa akatuambia mkewe amefariki. Mama alikuwa ndiyo kwanza amerudi kazini. Hakukaa. Alipika kuku na wali, akafunga leso juu ya koti lake, akanishika mkono. Baba akamwambia kwa upole kwamba watu wa hapa hawaendi nyumba ya mtu bila kualikwa, hasa wakati kama huu.

"Baba Wakesho," mama akasema, "tangu lini mtu akaalikwa msibani?"

Bwana Albert alifungua mlango akiwa na soksi tu miguuni. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Mama alimpa pole, akaingia, akaketi, nami nikaketi kando yake. Juu ya meza kulikuwa na kadi za rambirambi zilizopangwa safu, zote na maua, na sinki ilikuwa imejaa vyombo. Mama aliinuka, akaviosha, akazoa majivu, akawasha moto upya, akampakulia chakula. Mzee alikula kidogo. Kisha polepole akaanza kuzungumza juu ya mkewe, jinsi alivyowaita kuku wake kwa majina ya malkia, na jinsi alivyokuwa akimfichia mumewe tumbaku. Mama akacheka. Na yeye akacheka, kicheko kikageuka kilio, na mama hakumwambia anyamaze.

Tulipoinuka kuondoka, akasema, "Wote wameniandikia. Wewe ndiye uliyekuja kukaa."

Mama alirudi kesho yake, na kesho kutwa, na kila siku mpaka ya mazishi, akitoka zamu na kwenda moja kwa moja. Siku mbili kabla ya kuzika, Bwana Albert alikuja kwetu amevua kofia, akamwomba baba watu waje Mganda wa Ngano baada ya kanisani. Alisema mkewe aliolewa kanisa lile na akacheza dansi yake ya harusi kwenye sakafu yetu.

Basi kijiji kizima kikaja, kwa kuwa hakuna ambaye angemkatalia mfiwa. Niliwaona kupitia kidirisha changu, wale wale wa ng'ambo ya barabara, wakivua kofia mlangoni na kuinama wasigonge magogo. Mama alikuwa amekaanga mandazi tangu alfajiri. Waliyageuza mikononi, wakayaonja, wakatazamana, na sinia ikarudi jikoni tupu. Kasisi alikula matano. Na ile bia, ambayo baba aliitunza miezi yote bila mtu wa kuinywa, ilitoka safi kama chai ya rangi. Mkulima mmoja mnene aliinua glasi yake kwenye mwanga wa dirisha, akanywa, akaitazama tena, akaomba nyingine.

Baba alizunguka na sinia, amenyooka, kimya, kama alivyofundishwa. Alipofika karibu na meko, Bwana Albert alivuta kiti kwa mguu.

"Keti, Mista Wadi," akasema. "Nimechoka kukuona umesimama."

Baba alitazama kile kiti. Nadhani mimi na mama peke yetu ndio tuliojua alichokuwa akikitazama. Kisha akaweka sinia chini, akaketi kati ya wateja wake. Mama, aliyekuwa jikoni nyuma yangu, akageukia sufuria na kujifuta macho kwa leso.

Miti ilipochipua hakuna aliyetaja kurudi mjini. Ikaja miaka saba ninayoiota mpaka leo. Wazee wa dhumna kwenye meza ya dirishani. Vishale vikigonga ubao. Jumamosi marafiki zetu walikuja kwa basi kutoka Sparkbrook na Handsworth, na vijana wa kijiji wakajifunza kusema "habari" na wakajibiwa. Mama hakuwahi kuonja bia, lakini alijua nani hana kazi, nani amegombana na mwanawe, nani apelekewe supu. Na siku moja alimwandikia bibi ukweli wote. Bibi akajibu kwamba maombi yalishafika mbinguni, hayawezi kurudishwa.

Kifua cha baba ndicho kilichotutoa. Vumbi la Hockley lilikuwa limemkaa ndani, na ngazi za kwenda kwenye mapipa zikamshinda. Tuliuza mwishoni mwa miaka ya sabini, tukahamia Great Barr, nyumba yenye bafu ndani na joto kila chumba. Baba aliketi dirishani akihesabu malori ya barabara kuu, na hakukaa nasi miaka mingi baada ya hapo.

Juzi mwanangu alinijia na simu yake kunionyesha pabu ya shambani anayotaka kuinunua. Amechoka na ofisi, anasema, anataka maisha ya utulivu. Picha ni nzuri. Magogo yapo, meko ipo, na imeandikwa kwamba intaneti ina kasi. Nikamwuliza katika kijiji hicho anamfahamu nani. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yao, kwamba hamfahamu mtu hata mmoja, na hiyo ndiyo raha yake.

Sikumlaumu. Nilimrudishia simu, nikamtakia heri. Lakini siku ile nzima nilikuwa na huzuni nisiyoweza kumweleza, kwa sababu sisi tulikwenda kule bila kumjua mtu, tukakaa majira mazima ya baridi tukimwomba Mungu mtu mmoja tu ausukume mlango aingie.