Mjomba na Skrini ya Vitu Vilivyopotea

Mjomba wangu anatunza chumba cha vitu vilivyopotea kwenye stesheni ya treni, na kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wote humwita Rangi Gani, kwa sababu ukifika dirishani kwake, hata hujamaliza salamu, atakuuliza hivyo. Nilipokuwa mdogo nikianguka na kuchubuka goti, alitaka kwanza kujua rangi ya kidonda.

Mimi ni mtu wa kompyuta. Nachora skrini ambazo watu wengine watazilaani. Mkuu wa stesheni aliponipa kazi ya kuchora skrini ya chumba hicho, alisema waziwazi: ikiweza kujiendesha, Rangi Gani atapumzishwa. Mama alipopata habari alinipigia simu. "Ukimtoa kaka yangu kazini, Jumapili utakula kwako na mashine yako."

Kazi yetu ina kanuni moja: kabla ya kuchora chochote, ujue mtu anafanya nini, hatua kwa hatua, kwa kumtazama. Kumuuliza tu hakutoshi, maana watu hawajui wanachofanya. Nilimuuliza hata hivyo.

"Mjomba, kazi yako ina hatua ngapi?"

"Mtu anakuja, namtolea mzigo wake. Mbili."

Nilikaa nyuma yake siku tatu na daftari, nikahesabu ishirini na tatu. Anauliza rangi. Anavua miwani. Anaifuta kwa shati, polepole, huku mteja akihangaika. Anaivaa. Anasema, "Hebu endelea." Ile ya miwani niliikata kwa kalamu nyekundu, nikaandika pembeni: kupoteza muda. Nilijiona mjanja kweli.

Skrini yangu ilikuwa nzuri, nasema mwenyewe. Ilionyesha picha za vitu vyote. Mteja anachagua chake, anajibu maswali sita, anapewa. Siku ya majaribio mkuu alisimama pale amekunja mikono, na mjomba aliketi kwenye kona kama mgonjwa anayesubiri majibu.

Kufika saa nne asubuhi, begi moja la bluu lilikuwa limepata wenyewe watatu. Wote walijibu maswali yote sita bila kosa, hadi zipu iliyokatika, maana zipu ilionekana pichani, basi mkuu akawazuia wote dirishani. Wa nne, mama mmoja mwenye leso mkononi, alisita kwenye picha hiyo hiyo, kisha akakwama kwenye swali la kwanza. Skrini ikamkatalia kuendelea. Akaanza kuondoka.

"Mama, rangi gani?" mjomba aliita kutoka kwenye kona yake.

"Sijui, baba. Lilikuwa la marehemu mume wangu. Mimi nililibeba tu."

Mjomba akavua miwani, akaifuta. Wale watatu hawakuweza kuvumilia ule ukimya. Kila mmoja akaanza kuongeza sifa za begi lake. Yule mama aliikunja leso yake, akaikunjua, kisha akasema, "Kuna soksi moja ndani. Mwenzake nimemtafuta nyumba nzima."

Mjomba akalifungua begi. Soksi ilikuwamo. Wale watatu wakakumbuka ghafla kwamba wana treni ya kuwahi.

"Mwongo anajibu yote," mjomba aliniambia. "Mwenyewe hajui, ila ukimpa muda anakumbuka upuuzi fulani. Sasa kwenye mashine yako, pa kusema sijui pako wapi?"

Niliona haya hadi masikio yakawaka. Nilichora upya wiki nzima. Skrini ikamgeukia mjomba badala ya mteja, picha zikafichwa, kitufe cha "sijui" kikawa kikubwa kuliko vyote, na baada ya kila swali mashine ikawa inatulia kwanza. Mkuu aliitazama, kisha akaniuliza swali nililokuwa nikiliogopa.

"Inaweza kufanya kazi bila yeye?"

Ningesema ndiyo, ningepewa stesheni nyingine saba. Nilimwangalia mjomba, aliyekuwa akijifanya hasikii, tena anajifanya vibaya sana.

"Haiwezi," nilisema. "Inauliza tu. Wa kumjua mwongo ni yeye."

Mkuu alishusha pumzi, akasema basi abaki, akaenda zake.

Mjomba hakunishukuru, ukoo wetu hauna mazoea hayo. Alinigeuzia mgongo akaanza kupanga miavuli kwenye rafu, na aliipanga kwa muda mrefu sana. Miavuli yenyewe ilikuwa miwili.