Shemeji Nyamongo na Ndoto za Baada ya Ajali

Shemeji yangu Nyamongo, ndugu mdogo wa marehemu mume wangu, hajawahi kupitwa na msiba. Daraja likienda na maji, alikuwa ameliota. Radi ikipiga mti, alikuwa ameiona. Hata ng'ombe wangu alipokufa, alisema alijua mapema, ila alisema hivyo akiwa ameshika mfupa.

Mwezi wa tano, Jumanne, lori la majani chai lilipinduka kwenye kona ya kushuka Nyaramba, likamuua dereva, Fred. Kesho yake Nyamongo alikuwa kwenye kituo cha kuuzia majani, kifua mbele.

"Jumamosi nilisimama hapa hapa kwa mzani nikawaambia: naona lori, magurudumu yanaangalia mbinguni!"

Wachumaji wakashika vinywa. Vijana wakamrekodi.

Mimi nilisoma mpaka la saba wakati la saba lilikuwa kitu, na kichwa changu hakisahau.

"Shemeji, Jumamosi ulimwambia nani? Wasabato tulikuwa kanisani wote, mzani umefungwa. Wewe ulikuwa nyuma yangu, unakoroma katikati ya somo."

Watu wakacheka.

"Unabii hauna siku, shemeji," akasema, akarekebisha kofia.

Tungeishia hapo. Lakini video ile ilimfikia Mong'ina, mjane wa Fred. Alhamisi mchana alikuja kwa Nyamongo, nami nikiwa hapo nakunywa uji. Hakupiga kelele.

"Baba, kumbe ulijua? Jumanne Fred alikunywa chai nyumbani kabla ya kutoka. Ungenipigia simu, ningemfichia ufunguo."

Nyamongo akanitazama nimsaidie. Nikatazama uji wangu.

"Mwanangu," akasema mwishowe, "sikuona kitu."

"Hata ndoto ndogo?"

"Hata ndogo. Nililala kama jiwe. Huwa nasema tu, watu wanisikilize. Hakuna aliyejua. Hukukosea popote."

"Basi jina la Fred ulitoe mdomoni mwako."

"Nimelitoa."

Ndipo Mong'ina akakaa chini akalia, kilio cha mtu aliyefiwa na mumewe, si cha mtu anayejilaumu. Nyamongo akasimama kando yake, kofia mkononi, bila neno hata moja. Miaka hamsini nimengoja kumwona shemeji yangu amenyamaza, na siku ilipofika sikuwa na hamu ya kucheka.